Maneno Niliyomtia Rais Kinywani

Kila mchana nikitoka shuleni nilivua sare, nikala ugali wa muhogo uliobaki, kisha nikashuka mbio hadi ufukweni mwa Kalundu kufanya kazi yangu. Watoto wengine walichota maji au kuwaangalia wadogo zao. Mimi nilikuwa nikifasiri redio.

Redio yenyewe ilikuwa ya Mama Pudentienne, mkubwa wa wauza samaki, mwanamke wa uwanda wa Ruzizi mwenye miguu iliyovimba na ulimi mkali. Aliifunga kwa kamba ya nyavu kwenye nguzo ya kibanda chake cha mabati. Habari kubwa za Kinshasa zilisemwa kwa Kifaransa, na wanawake wengi pale hawakukaa darasani muda wa kutosha kukijua. Basi mimi, Noella, mwenye miaka kumi na tatu, mwanafunzi wa darasa la sita na wa kwanza kwa Kifaransa (muulizeni Mwalimu Michée kama najisifu), niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatega sikio, kisha nikawaeleza kwa Kiswahili.

"Noella, redio iko inasema nini?" Mama Pudentienne aliniuliza kila siku, na wanawake thelathini wenye sauti za kushindana na injini za boti walinyamaza kwa ajili yangu. Nilipenda jambo hilo kuliko sukari.

Kitu kingine kimoja tu kiliweza kuwanyamazisha: beseni. Boti ikifika na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kila mtu hutaka bei yake, na kelele hupanda hadi huwezi kumsikia hata anayekutukana. Hapo anayeijua bei hupindua beseni la chuma na kuligonga kwa jiwe mara tatu. Baada ya pigo la tatu ni marufuku mtu kusema mpaka aliyegonga aseme kwanza. Anayefungua mdomo hupoteza zamu yake ya kununua siku hiyo. Hata walevi wa Kalundu wanaiheshimu sheria hiyo.

Halafu kulikuwa na kodi. Kila asubuhi alipita Hyacinthe, mtoza kodi, na mkoba wake wa ngozi. Ulimpa pesa, naye akakupa jetoni, yaani kikaratasi chenye muhuri kuonyesha kwamba umelipa. Hiyo ilikuwa haki yake. Lakini miezi ile alianza kupita tena mchana, akifuatana na vijana wawili wenye fimbo, na kodi ya mchana haikuwa na jetoni. Aliyekataa, beseni lake lilipigwa teke na samaki wakaenda mchangani.

Nilimchukia Hyacinthe kwa moyo wote, ingawa binti yake Bella alikuwa rafiki yangu na tuliketi dawati moja. Bella alijua. Tulikubaliana kimya kimya kutozungumza habari za wazazi.

Mwezi wa Desemba nchi nzima ilipiga kura ya rais. Darasa letu liligeuzwa kituo, na mama yangu alisimama kwenye mstari chini ya mvua tangu alfajiri hadi saa nane ili afike kwenye ile mashine ya kupigia kura. Alirudi amelowa chapachapa, akatuonyesha kidole gumba chenye wino mweusi. Baada ya hapo tulingoja matokeo kwa hofu, kila mtu akihifadhi unga nyumbani. Mwishowe yalitangazwa, na Januari ikafika siku ya rais mpya kuapishwa.

Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu Michée aliingia darasani amevaa koti, jambo ambalo hufanya siku ya mitihani tu. "Tangu uhuru," alisema, "haijatokea hapa kwetu rais akamkabidhi mwenzake kiti bila risasi. Babu zenu hawakuona. Nyinyi mtaona leo. Kila mtu aniandikie ukurasa mmoja: Uchaguzi huu umenifundisha nini?"

Niliinua mkono. "Mwalimu, rais mpya ataondoa kodi ya soko?"

Alicheka. "Nyumba isiyo na mchango haina chakula, Noella. Kodi ndiyo mchango wa nchi."

"Lakini soko letu halina hata choo!"

"Basi wewe umejua swali la kuwauliza waliochaguliwa. Liandike."

Sikuliandika siku ile. Wenzangu walipeleka kazi zao kesho yake. Yangu ilichelewa wiki tatu, na sababu ndiyo hii ninayoisimulia.

Nilipofika ufukweni mchana ule, Hyacinthe alikuwa amesimama mbele ya mama yangu. Mama alikuwa ameinua jetoni ya asubuhi juu ili kila mtu aione.

"Nililipa! Ona muhuri yako hii! Juu ya nini unaniomba tena?"

"Ya asubuhi ni ya asubuhi," Hyacinthe alijibu. "Ya muchana ni ya muchana."

"Sawa. Unipatie jetoni ya muchana basi."

Wanawake walicheka, na kicheko hicho kilimwuma. Aliwakonyeza vijana wake. Mmoja alilipiga teke beseni la mama, na ndagala wote, mtaji wetu wa wiki nzima, wakamwagika mchangani. Mama alimkamata Hyacinthe kwenye kola ya shati. Naye alimzaba kofi, kisha la pili kwa nguvu zaidi, mdomo wa mama ukapasukia kwenye meno na damu ikamtiririka hadi kidevuni.

Sikumbuki nilivyofika pale. Ninakumbuka tu ladha ya chumvi ya mkono wa Hyacinthe katikati ya meno yangu. Aliguta kwa uchungu. Kijana mmoja alinishika nywele, akanitupa chini, akanipiga fimbo mbili mgongoni, nikabaki nimelala kinywa kimejaa mchanga. Nilimsikia Hyacinthe akisema juu yangu, "Kesho asubuhi narudi. Mwenye hatalipa, asikanyage hapa tena."

Walipoondoka, mama hakulia. Alichutama, akaanza kuokota ndagala mmoja mmoja na kuwapuliza mchanga, huku damu ikidondokea kitenge chake. Heri angelia. Kule kuokota kwake kimya kimya ndiko kulikoniharibu.

Saa tisa sherehe ya Kinshasa ikaanza redioni. Wanawake walisogea na kuketi. Niliketi juu ya ndoo yangu, mgongo ukiwaka moto, nikafasiri vizuri kama kawaida. Niliwaambia kwamba marais wawili, anayeondoka na anayeingia, wako jukwaa moja. Niliwaambia kwamba rais mpya ameapa kuilinda Katiba. Baadhi yao walifuta machozi. Bibi mmoja mzee alisema hakudhani angeishi hadi siku hiyo.

Ndipo Mama Pudentienne akauliza, kwa mzaha tu, ili kuwachekesha wenzake: "Na Hyacinthe? Prezida iko anasema nini juu ya Hyacinthe?"

Wote walicheka isipokuwa mama, ambaye midomo ilikuwa imemvimba. Nilimtazama. Redio ilikuwa ikiendelea na mambo mengine kabisa, mambo ya wageni na majeshi. Nikafungua kinywa, na ulimi hauna mfupa.

"Anasema kuanzia kesho hakuna muntu wa soko atalipa kodi," nilisema. "Na mwenye atakuja kuiomba ni mwizi."

Kicheko kilikatika. "Mwizi?" Mama Pudentienne aliuliza.

"Mwizi. Amesema *voleur*. Nimesikia kabisa."

Niliongeza neno hilo la Kifaransa ili wasiwe na shaka, nao hawakuwa na shaka hata chembe. Kwa nini wawe nayo? Kwa miaka miwili sikuwa nimewadanganya hata mara moja. Vigelegele vilipasuka. Wanawake walicheza, wakarusha vitenge juu, na kabla jua halijashuka habari ilikuwa imetoka Kalundu na kupita mitaa yote ya juu hadi Rugenge.

Jioni mama alikula uji kwa shida, kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini macho yake yalicheka. Alikitazama kidole gumba chake, ambacho kucha yake bado ilikuwa na alama ya wino.

"Nilisimama mu mvua siku nzima," aliniambia. "Baba yako alisema ni bure. Unaona? Haikukuwa bure."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilifika hadi kooni. Nikalimeza pamoja na uji wangu, nikaenda kulala.

Asubuhi, kabla ya shule, nilimsindikiza mama ufukweni. Boti mbili zilikuwa zimeingia, na watu walikuwa wengi kuliko siku zote: wauza samaki, wapagazi wa bandari, wavuvi waliotoka majini na vijana wasio na kazi ambao hukusanyika panapokuwa na jambo. Hyacinthe alifika na kijana wake mmoja tu. Nadhani hakuwa amesikia chochote. Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha jetoni, akamsogelea bibi wa kwanza.

"Mwizi!" bibi yule alipiga kelele.

Hyacinthe alishangaa. Akageuka kwa wa pili. "Mwizi!" Na wa tatu. Halafu neno hilo likashikwa na wanaume waliokuwa nyuma, na wanaume hawakulisema kwa kucheza. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata juu ya jicho, na uso wake ukageuka mwekundu mara moja. Kijana wake alitupa fimbo, akakimbia bila kutazama nyuma.

Hyacinthe alijaribu kukimbilia majini. Walimkamata miguu, wakamburuta kwenye changarawe hadi shati lake likabaki vipande. Mkoba ulipasuliwa na jetoni zikaruka hewani, zikaangukia kwenye maji na kwenye samaki. Mvuvi mmoja alimkanyaga kifuani. Wanawake niliowajua tangu nizaliwe, walionipa karanga na kunisuka nywele, walimpiga kwa viatu, kwa mabeseni, kwa kuni. Kila pigo lilikuwa na sauti yake, na mwanzoni, Mungu anisamehe, nilihesabu na kufurahi. Hili la kofi la mama. Hili la mgongo wangu.

Kisha nikamwona mpagazi mmoja akija mbio kutoka bandarini anabingirisha tairi kuukuu, na mwingine nyuma yake ameshika kopo la petroli. Kila mtoto wa mji wetu anajua tairi na petroli ni vya nini mtu akiitwa mwizi.

Furaha yangu ilikufa papo hapo. Hyacinthe naye aliliona tairi. Alijiinua kwa mikono miwili, jicho moja limefungwa na damu, na katikati ya miguu ya watu akaniona mimi. Aliniita kwa jina.

"Noella! Mutoto! Weye unajua Kifaransa! Uambie bantu, prezida alisema hivi? Noella, juu ya Bella, uambie!"

Watu wachache walinigeukia. Nilijua la kusema. Lilikuwa neno moja: hapana. Lakini nilizitazama zile nyuso na mikono yenye mawe, nikafikiri: nikisema, watanigeukia mimi. Nikanyamaza. Huenda nilinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi tatu tu.

Katika pumzi hizo tatu mama yangu alifika na kafi la mtumbwi. Aliliinua kwa mikono yote miwili, kidole chake chenye wino kikiwa juu kabisa, akalishusha. Hyacinthe aliweka mkono wa kuume mbele ya kichwa chake. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu ya ukuni unapovunjwa gotini. Mlio aliotoa baada ya hapo nausikia hadi leo.

"Mama, acha! Ni bongo! Nilisema bongo!" Niliukiri uongo wangu kwa sauti yangu yote, lakini katika kelele zile sikujisikia hata mwenyewe. Mtu alinisukuma, nikaanguka juu ya beseni tupu la Mama Pudentienne. Tairi lilikuwa limeshafika. Walikuwa wanamvisha Hyacinthe kichwani.

Nililipindua beseni, nikashika jiwe, nikagonga mara tatu.

Sijui kama nilifikiri. Pengine mkono ulifikiri wenyewe. Lakini wanawake wale walikuwa wamelitii beseni kila siku ya maisha yao, na baada ya pigo la tatu midomo yao ilifunga. Wavuvi nao walinyamaza. Hata mpagazi mwenye kopo alisimama na kutazama boti ipi imefika. Ghafla palikuwa kimya, isipokuwa pumzi za Hyacinthe zilizokuwa zikikoroma ndani ya tairi.

Sheria ilikuwa wazi. Aliyegonga ndiye asemaye.

"Redio haikusema," nilisema. "Prezida hakusema kitu juu ya kodi. Hakusema mwizi. Ni minye nilisema. Nilikasirika juu ya mama. Nilisema bongo."

Mawe yalibaki mikononi. Nikarudia, kwa sababu nilidhani hawakusikia, lakini walikuwa wamesikia. Kafi lilianguka kutoka mikononi mwa mama. Mvuvi mmoja aliyekuwa karibu alinipiga kofi lililonizungusha hadi chini, na jiwe likapita juu ya kichwa changu, likagonga mabati. Wengine walianza kunijia. Mama Pudentienne, na miguu yake iliyovimba, alijitupa mbele yangu akaitanua mikono.

"Munataka kuua bawili sasa?" alipiga kelele. "Mulipiga na mukono yenu, si na mudomo ya huyu! Nani alileta tairi? Ni redio ilileta tairi? Mulitoe! Mulitoe upesi!"

Walilitoa. Mwenye petroli alikuwa ametoweka, na kopo lake limebaki mchangani. Ndipo polisi walipofika wakipiga risasi hewani, na watu wakatawanyika kama ndagala waliomulikwa. Mama hakukimbia. Alibaki amesimama karibu na kafi, akiutazama ule mkono wa Hyacinthe uliokunjika mahali pasipo na kiungo. Polisi walimfunga mama mikono na kumpandisha gari. Nililishika gari lile, nikawaambia ni kosa langu. Askari mmoja alinibandua vidole, akasema, "Mutoto, kwenda masomo."

Nilikwenda. Sikujua pa kwenda pengine. Nafasi ya Bella kwenye dawati letu ilikuwa tupu. Mwalimu Michée alianza kukusanya kurasa juu ya uchaguzi, akafika kwangu, akaona shavu lililovimba na sare yenye damu isiyokuwa yangu. Nilimwambia yote mbele ya darasa zima. Hakunigombeza. Alivua koti, akamkabidhi kiranja darasa, akanishika mkono.

Hospitalini Hyacinthe alikuwa amelala, kichwa kimefungwa bandeji na mkono umewekwa plasta. Bella alikuwa ameketi pembeni. Aliponiona alisimama, akanipiga usoni kwa nguvu zake zote, palepale alipopiga yule mvuvi. Sikuinua mkono kujikinga.

"Nilikuwa nakuita dada!" alisema, akaanza kulia.

"Minye nilidanganya," nilimwambia Hyacinthe. "Mama aliamini. Bamama wote waliamini. Unifunge minye, umuachilie mama."

Alinitazama kwa jicho moja. Mwalimu Michée naye alimtazama, na ulikuwa mtazamo ule anaotupa tunapokuwa tumenakili.

"Bwana Hyacinthe," alisema polepole, "kodi ya asubuhi ina muhuri. Ya mchana inakwenda wapi?"

Hyacinthe aligeuza uso kwenye ukuta. Bella aliacha kulia ili asikie.

"Kwangu," alisema mwishowe. "Ya muchana ilikuwa inakuja kwangu." Alitugeukia. "Mutoto huyu alisema bongo siku moja, na ilikuwa karibu niungue. Minye nilikuwa nasema bongo kila muchana, na fimbo. Na yule mama, ni minye nilimupiga wa kwanza. Mwalimu, uandike. Nitatia kidole."

Mwalimu aliandika, na Hyacinthe akatia kidole cha mkono wa kushoto. Haikwisha siku hiyo. Mambo ya kasho, yaani mahabusu, hayaishi upesi. Mama alilala huko siku nne, kwenye saruji tupu. Wauza samaki walichangishana kulipa hospitali, na hakuna aliyehitaji kusukumwa. Siku ya tano mkuu wa polisi aliwaita mama na Hyacinthe mbele ya Mama Pudentienne na mwalimu. Mama aliomba msamaha kwa mkono aliouvunja. Hyacinthe aliomba msamaha kwa makofi na kwa kila mchana. Ilikubaliwa kwamba tangu siku hiyo hakuna kodi bila jetoni, na anayeombwa bila jetoni agonge beseni.

Mama alipoachiliwa nilimngoja mlangoni. Nilidhani atanichapa, na ningependa anichape. Tulitembea hadi karibu na nyumbani. Kisha alisimama, akanionyesha kiganja chake.

"Mukono hii ilipiga kura," alisema. "Mukono hii ilivunja muntu. Ni mwezi moja tu. Ya kwanza nilifanya na akili yangu. Ya pili nilifanya na maneno yako. Usinipatie tena maneno kama yale, Noella. Nilikuamini kuliko redio."

Afadhali fimbo.

Wiki mbili nzima sikukanyaga kwenye kibanda. Niliambiwa redio ilikuwa ikiwashwa, ikisema Kifaransa chake peke yake, na wanawake wakiuza samaki bila kuitazama. Kisha mchana mmoja nilipokuwa nikipita na ndoo ya maji, Mama Pudentienne aliniita. Ndoo yangu ya zamani ilikuwa palepale, imepinduliwa. Niliketi. Wanawake walikuwa kama kumi tu.

Nilisikiliza. Redioni walikuwa wakizungumzia kodi za masoko, nikajua kwa sababu neno lenyewe lilirudiwa mara nyingi. Lakini katikati kulikuwa na neno jingine refu ambalo sikuwahi kulisikia, na maana yote ilining'inia hapo.

"Redio iko inasema nini?" Mama Pudentienne aliuliza.

"Iko inasema juu ya kodi," nilijibu, nao wakanigeukia wote. Nilisikia ile hamu ya zamani ya kujazia. Ingekuwa rahisi sana. "Lakini kuna neno moja minye sijui. Siwezi kuwaambia kitu mpaka niulize mwalimu."

 Mwanamke mmoja aliguna. Mama Pudentienne alijipigapiga magoti, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ukalegea.

"Mumesikia? Amesema hajui," aliwaambia wenzake. "Weye mutoto, siku ile ungesema hivi, Hyacinthe angekuwa na mukono muzima. Mwenye kubeba maneno ya bengine iko sawa na mwenye kubeba maji ya bengine. Asiongeze, asimwage, asioshe miguu yake ndani." Kisha akawageukia wanawake, na sauti yake ikawa kali. "Na sisi bakubwa tusimwachie mutoto mzigo yote. Haki iko na jetoni yake, kama kodi: tuulize kwanza muhuri iko wapi. Hata redio ikisema mwizi, jiwe ibaki chini."

 Mama yangu, aliyekuwa akipanga samaki wa mikeke kwenye beseni, alitikisa kichwa kukubali.

Kesho yake Mwalimu Michée alinieleza maana ya neno lile, nami nikampa ukurasa wangu uliochelewa. Niliandika kwamba uchaguzi ulinifundisha kuwa kura ni sauti ya mtu mmoja, na hakuna ruhusa ya kumwongezea mwingine sauti, awe rais au mama yako. Niliandika kwamba nitalipa kodi nikiwa mkubwa, na nitauliza habari za choo.

Mchana nilishuka kuwaeleza wanawake. Safari hii walikuwa wengi. Hayakuwa maneno matamu, kwa kuwa kodi haikuondolewa, na hakuna aliyepiga vigelegele. Nyuma yao, karibu na boti, alikuwa amesimama Hyacinthe, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akisubiri kusikia pamoja na wengine. Nilimtazama, nikaanza mwanzo, nikasema kila neno kama lilivyokuwa.